Mipaka Ilipohamia Makumbusho

Itoka la kwanza lilichomoza kwenye sakafu ya simiti Alhamisi moja asubuhi, Warigia akiwa anapanga mabenchi. Alhamisi ilikuwa Siku ya Wananchi katika makumbusho ya sayansi ya Thika, na lori la wachumaji kahawa kutoka Ruiru lilitarajiwa kabla ya saa nne. Alikuwa amekwisha kuweka tone la maji ya mto Chania chini ya hadubini, ili watu waone viluwiluwi vya mbu vinavyojinyonganyonga, na amepangusa vumbi kwenye meno ya fuvu la kiboko. Alipoinama kusogeza benchi la mwisho aliona jani la kijani limepasua simiti na kusimama wima. Akalivuta benchi upande wa pili ili watu wasilikanyage, kisha akaenda kuchemsha chai.

Itoka si mmea wa kuulizia jina. Kila Mkikuyu kutoka Thika hadi Ruiru alilijua kuwa ndilo ua la mpakani, linalopandwa mbele ya mashahidi baada ya kondoo kuchinjwa. Anayeling'oa hajitafutii ugomvi na jirani tu, anajitafutia laana. Kwa hiyo swali halikuwa limeotaje. Swali lilikuwa ni la nani.

"Mwalimu, hili ni la nani?" aliuliza Kaleli, mzee wa Kikamba aliyekuwa mfagizi wa pale.

"Bado sijajua, mzee."

"Basi nitafagia kando yake."

Wachumaji kahawa walipofika, itoka lile lilikuwa limepata wenzake, nayo yamejipanga mstari kutoka mlangoni. Wageni wakayaruka kwa adabu, kama mtu anavyopita shambani mwa mwenzake, wakaenda kuchungulia viluwiluwi. Warigia akaufuata mstari kwa macho. Mbele ya kabati la vipepeo ulijipinda kushoto, ukazunguka kitu kisichokuwapo, kisha ukaendelea. Hapo ndipo alipoutambua. Babu yake alikuwa ameupinda hivyohivyo kulikwepa jiwe kubwa, kule kwenye shamba la mama yake juu ya mto Ndarugu.

Tuseme ukweli, mpaka hauondoki kwao bila kuitwa. Na aliyeuita ni Warigia mwenyewe, ingawa kuna mtu aliyemtuma.

Mkuu wa makumbusho aliitwa Bwana Pettifer, mtu mpole, mwenye kiko kilichozima kila mara. Ndiye aliyemtoa Warigia katika darasa la misheni na kumpa kazi ya kupanga vipindi vya wananchi: maonyesho, mihadhara, ziara za shule, nani aje lini na aketi wapi. Alimfundisha hadubini, akamwazima vitabu, akawa anamwita "mwenzangu" mbele ya wageni. Hii ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Watu walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki, na mtu hakuvuka barabara bila pasi. Kuitwa mwenzangu na Mzungu wakati kama huo ni asali, na Warigia aliilamba mpaka kwenye kidole.

Basi Bwana Pettifer alipobuni onyesho la "Udongo Wetu", Warigia alilishika kwa mikono miwili. Kila familia ingeleta udongo wa shamba lake kwenye chupa. Makumbusho yangeupima, halafu Warigia angerudi vijijini kuwaambia wenyewe wapande nini. Udongo ungerudishwa ulikotoka na habari zake zingekuwa za mwenye shamba peke yake. Bwana Pettifer aliahidi hivyo, na Warigia akaibeba ahadi ile kwa baiskeli kijiji hadi kijiji.

Watu hawakutaka. Udongo siku zile ulikuwa na maneno mengi. Kuna waliokuwa wamefungwa kwa sababu ya udongo walioapia. Nani amtilie Mzungu ardhi yake chupani? Aliyeivunja hofu hiyo ni mama yake Warigia, Wakonyo, ambaye mumewe alikuwa kizuizini na ambaye shamba la Ndarugu ndilo lilikuwa limebaki kumlisha.

"Anayeomba ni mtoto wangu," aliwaambia wanawake wenzake. "Mimi nitampa. Lakini udongo hauchotwi katikati ya shamba kama kitu cha wizi. Ukienda kwa nyumba ya watu, uende na shahidi wake."

Akachimba chini ya itoka, ili hata chupa ikibanduka jina, udongo wenyewe ujue ni wa nani. Wanawake wakaona ni maneno ya akili. Kila mmoja akaenda akachota mpakani mwake, chini ya itoka lake. Hakuna aliyewaza kwamba shahidi akichukuliwa, ushahidi unamfuata.

Chupa zilipangwa rafuni, zikapendeza. Warigia alizipita kila asubuhi kwa fahari ambayo sasa akiikumbuka anaona aibu.

Juma lile kabla matoka hayajaota, Bwana Pettifer alikaribisha kamati ya kuunganisha mashamba. Kazi ya kamati ilikuwa kukusanya vipande vya ardhi vilivyotawanyika na kumgawia kila mtu kimoja. Kiongozi wao aliitwa Githinji, mkuu wa mahomugadi, wale walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, mwenye malori na koti refu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Warigia alikuwa ameshika sinia la chai waliposimama mbele ya rafu.

"Sasa Bwana," aliuliza Githinji, "katika hizi zote, ni gani inaweza kuzaa kahawa kushinda zingine?"

Bwana Pettifer hakushusha sauti wala hakumtazama Warigia. Aliigonga chupa ya Wakonyo kwa kiko chake.

"Hii iko namba moja," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Nyeusi, baridi, karibu na maji. Mzuri sana." Kisha akamgeukia Warigia akitabasamu. "Na bila huyu mwenzangu hapana jua."

Githinji akachukua kikombe kutoka kwenye sinia. "Asante, binti," alisema. "Mama yako hajambo?"

Warigia alisema hajambo. Alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani, na waliomvua wakaendelea kuongea habari za mvua.

Wageni walipoondoka aliingia ofisini. Alisema kwa Kiingereza safi, kile alichofundishwa na mtu yuleyule, kwamba ahadi ilikuwa ahadi. Bwana Pettifer hakukasirika. Alieleza taratibu kuwa maarifa hayana mwenyewe. Yakishapatikana ni ya kila mtu, na huo ndio uzuri wa sayansi. Tena wanakamati ni wananchi, na vipindi vya pale ni vya wananchi. Akamuuliza kama matangazo ya Alhamisi yalikuwa tayari. Yalikuwa tayari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba kinaweza pia kukuazima vitabu.

Ndipo Alhamisi mipaka ikafika. Kufikia Jumamosi sakafu nzima ilikuwa imegawanywa. Kila chupa rafuni ilikuwa na shamba lake chini, upana wa meza mbili au tatu, na matoka yake kwenye kila pembe. Kaleli alijifunza kufagia kwa kufuata njia za kati. Bwana Pettifer aliyatazama akasema simiti ya siku hizi inachanganywa vibaya, akaagiza mabenchi yahamishiwe barazani.

Kule Ndarugu hakukubaki itoka hata moja. Mpima ardhi wa kamati alipofika na minyororo yake alikuta bonde zima limelala wazi kama shuka, hapajulikani pa nani panaishia wapi. Wakonyo alisimama pale shamba lake lilipokuwa likianzia, akasema linaanzia hapo. Githinji aliuliza alama iko wapi. Wanawake wenzake hawakuweza kumsaidia, kwa kuwa nao walikuwa wakitafuta za kwao.

Warigia alipopata habari alipanda baiskeli kabla hajala. Alimkuta mpima ardhi chini ya hema, kijana Mzungu mpenda haki, aliyesikiliza maneno ya kila mtu.

"Mipaka haijapotea," Warigia alimwambia. "Ipo Thika, kwenye makumbusho. Njoo uione kwa macho yako."

Alidhani anamwokoa mama yake. Mpima ardhi alikwenda kweli. Alivua kofia mlangoni, akanyoosha mnyororo wake kwenye sakafu, akapima kona baada ya kona, na pale mpaka ulipopinda mbele ya kabati la vipepeo naye alipinda. Alichukua siku nzima. Mwishowe alisema amekuta kila kitu sawasawa. Mipaka ilikuwa halali, ya zamani na yenye mashahidi, na madai ya Wakonyo hayakuwa na shaka yoyote. Shamba lake lilikuwa pale, kati ya mlango na vipepeo.

"Na la Ndarugu?" aliuliza Warigia.

"Kule hana shamba," alisema mpima ardhi kwa upole. "Wewe mwenyewe umenionyesha liliko."

Kule bondeni, ardhi ile kamati ilimgawia Githinji, na kabla ya mvua za vuli miche ya kahawa ilikuwa imekwisha kutiwa ardhini. Inasemekana ilishika vizuri sana.

Wakonyo alikuja Alhamisi iliyofuata, kwa kuwa siku hiyo ndiyo pekee ambayo pasi za kijijini ziliruhusu watu kwenda makumbusho. Alikuwa na jembe na maharagwe ya mbegu kwenye kikapu. Warigia alimngojea mlangoni na maneno aliyoyapanga usiku kucha.

"Maitu," alianza, "mimi sikujua."

Warigia alikuwa amebeba jina la bibi yake, mama aliyemzaa Wakonyo, kama desturi inavyotaka, na kwa sababu hiyo Wakonyo naye humwita maitu, mama yangu. Hivyo ndivyo walivyoitana tangu Warigia anyonyeshwe, kila mmoja mama wa mwenzake.

"Shamba langu ni lipi, Mwalimu?" aliuliza Wakonyo.

Warigia alimwonyesha kwa kidole. Wakonyo akaingia kwa kupitia pembeni, bila kukanyaga la jirani. Akalima. Simiti iliinuka kwenye jembe kwa mabonge ya kijivu, akayavunjavunja kwa kisigino, akapanda maharagwe, akafunika. Yalipoota yalikuwa maharagwe kama mengine, ila mafupi kidogo, kwani jua lilipita dirishani asubuhi tu. Wanawake wengine nao wakaja na majembe yao.

Wageni waliongezeka. Shule zililetwa kutoka mbali, na Bwana Pettifer akasema hajawahi kuona kipindi cha wananchi kilichofana kiasi hicho. Alimwomba Warigia atengeneze kibao cha maelezo kuhusu kilimo cha wenyeji, na Warigia akakitengeneza. Angeacha kazi, aliliwaza jambo hilo kila siku. Lakini mpangaji wa vipindi ndiye aliyeombea wanawake pasi za Alhamisi, na mwingine angeweza kuona Alhamisi inafaa zaidi kwa mambo ya nyota.

Siku moja Bedan, mwalimu wa shule ya Kiganjo aliyekuwa ameleta darasa lake, alimwuliza Wakonyo, kwa kupitisha muda, kama yule mpangaji ni ndugu yake, kwa vile wanafanana paji la uso.

"Huyo ni mtu wa kazi ya hapa," alisema Wakonyo, akaendelea kupalilia. Warigia alikuwa karibu, akieleza watoto habari za sumaku. Alieleza mpaka mwisho.

Saa kumi na moja makumbusho hufungwa. Kuna kengele ya mkono juu ya dawati, na kuipiga ni kazi ya mpangaji wa vipindi. Warigia huichelewesha kadiri awezavyo, mpaka Bwana Pettifer anapokohoa ofisini kwake. Ikilia, wanawake hunyoosha migongo, hukung'uta majembe na kutoka mmoja mmoja kwa zile njia za kati. Wakonyo hutoka mwisho, kwa sababu shamba lake liko karibu na mlango na hataki kuwazibia wengine.

"Mwalimu," huuliza akifika kizingitini, "naweza kurudi?"

"Ndiyo, maitu. Alhamisi."

Wakonyo hushukuru, huinua kikapu chake na kushika njia, naye Warigia hulifunga shamba la mama yake kwa ufunguo.