Mimi na Yeye, au Yeye na Mimi

Nilifundisha Kiingereza mpaka nikastaafu. Wanafunzi waliniita Mwalimu Nukta, jina ambalo kwa muda mrefu nilidhani ni la heshima. Nilipokosa wa kusahihisha, nikawageukia jamaa zangu. Kundi letu la familia kwenye simu nikaliwekea sharti: Jumapili kila mtu aandike kwa Kiingereza. Watu wakaanza kunyamaza Jumapili. Nikadhani wanapumzika.

Jumapili moja nimejilaza sebuleni, simu ikalia. Binti yangu, nesi wa zahanati, ameandika: "Me and him are getting married."

Baba mwenye akili timamu angepiga kelele, angemwita mkewe, angetoa hata chozi moja. Mimi nilivaa miwani, nikajibu: "He and I."

Mara shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akajitosa. Huyu ni mhasibu, lakini aliwahi kusoma ng'ambo mwaka mmoja na mpaka leo hajarudi kabisa.

"Shemeji, siku hizi 'me and him' inakubalika. Wenyewe ndivyo wanavyosema."

"Wenyewe wakikosea, na sisi tukosee?"

"Lugha ni ya wasemaji, si ya kalamu yako nyekundu."

Nikamweleza kwamba mtenda ni "he", mtendwa ni "him", na msemaji mstaarabu hujitaja mwisho. Akaleta mifano yake, nikaleta yangu. Dada yangu, ambaye Kiingereza chake huishia kwenye salamu, akauliza kwa Kiswahili: "Jamani, kuna nini? Nani kafa?" Hakujibiwa. Tulikuwa kwenye viwakilishi.

Mke wangu akaingia kutoka uani, nguo mbichi begani, simu mkononi. "Baba watoto, mwanao anaolewa!"

"Najua. Nimesoma."

"Umesoma?" Akanitazama kama anayemwona paka akinywa chai. "Umesoma nini?"

Hapo ndipo sentensi ile iliponiingia. Kumbe ilikuwa na maana! Nikampigia binti yangu, hakupokea. Nikapiga tena, akazima simu.

Kesho yake nikamfuata zahanati. Ilikuwa siku ya chanjo. Mabenchi yamejaa kina mama na watoto wachanga, nami nikapanga foleni katikati yao, mikono mitupu. Mama mmoja akaniuliza, "Babu, wako yuko wapi?" Nikamwonyesha nesi mwenye sindano. "Yule pale."

Zamu yangu ilipofika, binti yangu hakuinua macho. "Mtoto ana umri gani?"

"Mwanangu, ni mimi. Hongera. Na unisamehe."

Akaweka sindano chini. Macho yalikuwa yamevimba, na sikuhitaji kuuliza nani kayavimbisha.

"Baba, mwenzangu anakuogopa. Kila siku anaandika ujumbe wa kukusalimu, kisha anaufuta. Jana kaniuliza kama baada ya 'Dear Sir' kuna mkato."

Kuna. Nikauuma ulimi.

"Mwambie aje nyumbani," nikasema. "Aje na mdomo wake tu."

Akacheka, si sana, kwa pua. Kichanga nyuma yangu kikaangua kilio. "Haya baba, pisha. Unazuia foleni."

Kijana alikuja. Ni fundi wa majokofu, mpole, mwenye mikono mipana. Tuliongea habari za friji, jambo nisilolijua hata chembe, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Sharti la Jumapili likafutwa kwa kura zote, pamoja na yangu iliyochelewa kidogo.

Ila kadi za harusi sikuonyeshwa. Kazi ya kuzipitia kabla hazijachapwa akapewa shemeji. Kadi yangu ililetwa wakati wageni wote wameshapata zao. Nikajifungia chumbani, nikaisoma neno kwa neno, mkato kwa mkato, mbele na nyuma, mpaka jina la mchapaji kule chini kwa herufi za sisimizi.

Haikuwa na kosa hata moja. Iliniuma wiki nzima.