Cherehani ya Mwisho Mtaani

Lori la jeshi liliposimama mbele ya nyumba, Lazare aliingia chumbani akakaa kitandani. Aliogopa, na alijijua kuwa mwoga. Ulikuwa mwaka 2000, mjini Kamina, wakati wa vita. Wiki ile askari walikuwa wamebeba cherehani zote za mtaa, zikashone magwanda kambini. Iliyobaki ilikuwa moja, ya marehemu dada yake, nayo aliiendesha Talitha, binti wa dada huyo, mwenye miaka kumi na tisa. Ukarani wa Lazare kwenye reli haukuwa na mshahara tena. Cherehani hiyo ndiyo iliyolisha watu saba, wakiwemo wakimbizi watatu waliotoka Kabongo kwa miguu.

"Bape tu," Lazare alimnong'oneza Talitha kupitia pazia la mlango. "Mashini inauzwa ku soko. Weye hauuzwe."

"Nonko, bakia mule," Talitha alimjibu mjomba wake. "Minyi nitasema nabo."

Ajida, mkubwa wa askari wale, aliingia barazani na fundi wake wa kushona, askari mnene mwenye kandambili.

"Binti, tunakuya kubeba mashini."

"Mubebe, chef. Lakini fundi ajaribu kwanza. Musifike kule museme niliharibisha."

Fundi akaketi, akazungusha gurudumu. Cherehani ile ilikuwa kongwe na kaidi. Usipolirudisha gurudumu nyuma kidogo kabla ya kuanza, uzi unajisokota chini. Lazare alijua, Talitha alijua, na wote wawili walinyamaza. Uzi ukakwama. Fundi akavuta kwa nguvu, sindano ikakatika.

"Sindano inabakia mbili," Talitha alisema. "Kamina yote hakuna ingine. Endelea tu, papa fundi."

Ajida akacheka mpaka akakohoa. "Weye mwenye tumbo, ondoka! Binti, ikala."

Talitha akaketi, akabadilisha sindano, akachukua koti la fundi lililochanika begani, akalishona mara moja, mshono umenyooka kama reli. Mikono yake ilikuwa imetulia. Lazare alichungulia kando ya pazia.

"Basi tunakubeba na weye," ajida alisema.

"Mukinibeba, sishone. Mukibeba mashini bila minyi, mumeona, itakata sindano tu. Mulete vitambaa na uzi hapa. Kila siku manguo ine."

"Tano."

"Ine, chef. Ya tano itanikufisha macho."

Ajida aliitazama sindano iliyokatika, akamtazama fundi wake, kisha yule msichana ambaye hakuwa ameshusha macho.

"Ine," alisema, akikubali nguo nne kwa siku, akatoka. Lori likaondoka na cherehani za watu wengine.

Lazare akajitokeza. "Nilikuwa nataka kutoka nikusaidie."

"Ndiyo, nonko."

Lazare alijua kwamba Talitha hakumwamini, na kwamba alikuwa na haki. Lakini Talitha alikuwa ameshainama juu ya gauni la mtoto wa wale wa Kabongo, akitaka kulimaliza kabla vitambaa vya jeshi havijafika. Lazare, mtu wa miaka hamsini, akavuta kigoda, akakaa kando yake, akaanza kumkatia nyuzi.