Madamu Aba Hajanena

Kanisa la Osofo Arhin, yaani Mchungaji Arhin, lilianzia kwenye ghala la kakao, nje kidogo ya mji wa Swedru, Ghana. Waumini walikuwa wachache, wengi mafundi cherehani na wauza kenkey, madonge ya mahindi, na ngoma yao ilikuwa moja, nayo imepasuka ngozi. Osofo akishika kuhubiri, jasho linamtiririka mpaka viatu vinalowa. Na kule nyuma ya magunia, mbali na kelele, alikuwa amekaa Aba Nyarkoa na watoto wa watu.

Hakutumwa na mtu. Maombi yakipamba moto akina mama walikuwa wanaanguka, wanalia, wananena kwa lugha, na mtu anayeanguka hawezi kushika mtoto. Basi Aba aliwakusanya, akawafuta kamasi, akawachorea herufi sakafuni kwa mkaa ili watulie. Wakamzoea. Mama mmoja akauliza kwa nini asimlete wake na Jumatatu pia, yeye aende zake sokoni mikono mitupu. Shule ilianza hivyo. Siku hizi utasikia watu wakisimulia kwamba Osofo alioteshwa. Waache wasimulie, maneno hayana kodi.

Miaka ikaenda. Ghala likawa kanisa la matofali, kanisa likaongezwa ubavu, likafungwa feni na vipaza sauti vya kuwanyima majirani usingizi. Shule nayo ikapanda ghorofa, ikanunua basi, watoto wakavishwa sare za zambarau. Hata Wamethodisti walileta watoto wao, na Waislamu wa mtaa wa zongo vilevile, maana mwanafunzi wa Madamu Aba akifika darasa la pili anakusomea gazeti. Yeye ndiye aliyeiendesha shule yote, asubuhi hadi jioni, na cheo hana. Hakuna aliyekumbuka kumpa.

Kisha Osofo akaliingiza kanisa kwenye umoja mkubwa wa makanisa wenye makao Accra, na umoja ukaja na kanuni zake. Mojawapo ilisema kwamba mkuu wa shule, na kila mwalimu aliye chini yake, lazima awe amejazwa Roho Mtakatifu, na dalili yake ni kunena kwa lugha mbele ya wazee.

"Kwako hilo si kitu," Osofo alimwambia Aba. "Unapita tu."

"Sipiti, Osofo. Mimi sijawahi kunena."

Osofo alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Aba, miaka yote hii?"

"Miaka yote hii nyinyi mkiwekewa mikono, mimi niko nyuma na watoto wenu. Ni lini mtu aliniita mbele?"

Hakuna aliyewahi kumwita. Kila mmoja alidhani Aba alinena siku ambayo yeye, mwenye kudhani, hakuwepo kanisani, na watu wa kanisa hawaulizani jambo kama hilo, kama vile mtu hamuulizi jirani yake iwapo amebatizwa. Osofo alijikuna kidevu, akampa muda hadi Pasaka. Asiponena, Accra italeta mkuu wake, kijana fulani aliyetoka juzi chuo cha biblia, asiyejua mtoto yupi huja shuleni bila kula na yupi hupigwa nyumbani.

Aba alifunga mpaka sketi ikawa inamshuka. Alipanda kwenye kambi ya maombi mlimani, akalala juu ya mkeka na wagonjwa na wasio na kazi, akaomba hadi sauti ikamkauka. Kimya. Alimkasirikia Mungu, na alimwambia hivyo waziwazi: wengine unawapa wakiwa wanasinzia, mimi niliyekulelea watoto unaninyima. Akarudi shuleni, akafundisha kama kawaida.

Wiki ya mwisho, saa ya mapumziko, aliwakuta watoto wa darasa la kwanza nyuma ya vyoo wakicheza kanisa. Efua Takyiwa, kitoto kisicho na meno ya mbele, alikuwa amefumba macho na kuinua mkono, lugha inamtoka kama maji ya bomba, na wavulana wawili wamesimama mgongoni mwake tayari kumdaka. Siku nyingine Aba angewafukuza warudi darasani. Safari hii alijibanza ukutani akasikiliza, kwa makini, kama mtu anayejifunza pishi geni.

Wazee walikaa Jumamosi mchana. Alikuwepo Osofo. Alikuwepo Mzee Quansah, karani mstaafu wa kakao, mtu mkavu. Na alikuwepo Mama Ekuwa, kiongozi wa akina mama, ambaye wanawe wote walikulia mgongoni kwa Aba. Aba alipiga magoti, wakamwekea mikono, wakaomba kwa nguvu. Aba akafungua mdomo akayatoa maneno ya Efua. Yalitoka vizuri, kwa kasi, hata mabega yakatikisika yenyewe.

"Imesikika," alisema Mzee Quansah.

Mama Ekuwa alikuwa analia. "Nimeingoja siku hii, dada yangu. Nilikuwa naona vibaya, wewe peke yako nyuma kule."

Ilikuwa rahisi kuliko kumega fufu, na urahisi huo ulimuuma Aba kuliko kufunga kote. Wakampa kiti katikati yao, kwa kuwa sasa walimu wanafuata, na neno la kwanza juu ya mwalimu ni la mkuu wake.

Akaingia Ebo Amissah, mwalimu wa darasa la nne. Alikuwa mmoja wa wale watoto wa nyuma ya magunia. Aba ndiye aliyemfundisha kusoma pale chini sakafuni. Alipiga magoti. Wakamwombea mpaka sauti ya Osofo ikakwaruza, kisha Ebo akafumbua macho.

"Sina, wazee wangu. Nimeomba kweli. Sijapewa."

"Achia ulimi tu, mwanangu," Mama Ekuwa alimbembeleza.

"Nikiuachia utasema ya kwangu, Mama. Nitawadanganya."

"Kijana ana mdomo wa kila kitu isipokuwa hicho kimoja," alisema Mzee Quansah, kisha akageuka. "Madamu, neno lako kwanza."

Aba alijua la kusema: kwamba hata yeye hakupewa. Akilisema, wangetoka wawili, na Jumatatu kijana wa Accra angesimama mbele ya watoto wake. Aliwafikiria watoto. Alikifikiria na kiti, tusimsingizie wema wote. Na alimchukia Ebo, alimchukia kabisa, kwa kupiga magoti pale bila chochote mdomoni.

"Kanuni tumeikubali wote," alisema. "Darasa la nne litapata mwalimu mwingine."

Ebo alisimama, akajipangusa magoti.

"Asante, Madamu. Ila yule Kojo Atta akikaa nyuma haoni ubao, na anaona haya kusema. Mkalishe mbele."

"Nitamkalisha mbele," Aba alisema, na hilo ndilo neno pekee la kweli lililomtoka mchana ule.