Kidani cha Binti na Fahali

Kila alipofungua karakana asubuhi, sonara alianza kwa kukausha meza. Alifuta kwa kitambaa kikuukuu maji ya chumvi yaliyovuja kutoka kwenye sarafu, akakikamua kwenye ndoo, ndipo akatafuta miwani yake. Sarafu yenyewe ilikuwa ya fedha, ndogo, ya miaka elfu mbili na ushei, na kwenye uso wake fahali alikuwa akiogelea na binti mgongoni. Fahali huyo hakuwa fahali bali mungu wa watu wa kale aliyejigeuza. Alimlaghai binti kwa upole wa bandia, na binti alipokaa tu mgongoni, fahali akatimua mbio baharini. Safari yao haijaisha, na ndiyo maana meza ililowa.

"Bado hatujafika?" binti aliuliza kila asubuhi.

"Bado, mwanangu," sonara alijibu, akipapasa kutafuta tupa.

Mwenye sarafu alikuwa tajiri wa malori, mtu mzima mwenye shingo nene na sauti ya chini. Aliinunua iwekwe kwenye kidani cha bibi harusi, akaapa mbele ya watu kwamba harusi haifungwi mpaka kidani kiwe tayari. Bibi harusi mwenyewe alikuwa mpwa wa sonara, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye sonara alimlea tangu ananyonya chupa. Mpwa huyo hakumtaka tajiri. Alilisema hilo waziwazi, kwanza kwa heshima, kisha kwa machozi, lakini baba yake alikwisha kuitikia. Mtu aliyemtelekeza mtoto miaka yote hiyo alirudi na suruali iliyopigwa pasi, akasema yeye ndiye baba, ikawa imetoka hiyo. Mjomba hakuulizwa.

Kwa hiyo sonara alibaki na silaha moja tu, kuchelewa. Mara gesi iliisha. Mara macho yalimsumbua. Fremu ya dhahabu ya kushika ukingo wa sarafu ilitoka kubwa, akaiyeyusha; ikatoka ndogo, akaiyeyusha tena. Shemeji yake, yule baba, alipokuja kufoka, sonara alijikuna kichwa na kusema vitu vya kale havitaki papara. Alidanganya bila aibu hata chembe.

Mchana mpwa alimletea chai. Alivuta kiti, akainama juu ya sarafu, wakazungumza na binti wa fahali kama majirani.

"Dada, kwenu hawakukutafuta?"

"Walinitafuta sana. Baba aliwatuma kaka zangu, akawaambia wasirudi bila mimi." Binti alikaza mkono kwenye pembe. "Walipochoka wakajenga miji huko huko walikofika. Nasikia ni miji mizuri."

"Wakakusahau?"

"Hapana. Wakinikumbuka huwa wanalia sana."

Mpwa alimtazama mjomba wake. Sonara alikuwa ameinamia droo, akitafuta kitu asichokihitaji. Aliona aibu, maana hakujua angemfanyia nini mtoto huyu zaidi ya kumvutia muda.

Kosa lilitokea alasiri moja tulivu. Sonara alishika tupa ili tu wapita njia wamwone yuko kazini. Lakini siku hiyo dhahabu ilikuwa tiifu, na mtu wa kazi za mikono hali hiyo anaijua. Alipunguza hapa, akakunja ukingo pale, akasugua, akapuliza, akasugua tena. Alisahau njaa, akasahau harusi, akaanza hata kupiga mluzi. Alipoinua kichwa kidani kilikuwa kimekamilika, tena kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Akachukua koleo akivunje. Mkono ukakataa. Alikuwa bado anabishana na mkono huo, tajiri akaingia.

"Kumbe ukitaka unaweza," tajiri alisema, akakitia mfukoni. Mfuko wa koti ukaanza kulowa.

Siku ya harusi mpwa alitembea kwa adabu huku maji yakimchirizika kifuani, na shangazi mmoja akimfuta kwa leso. Kwenye mlango wa gari alimshika mjomba wake mkono.

"Utakuja kunichukua?"

"Nitakuja, mwanangu."

Hakuwa anamdanganya. Alikwenda, mlinzi wa getini akamwambia kwa upole kwamba mke wa bosi hapokei wageni. Alikwenda tena, akapewa maji ya kunywa.

Ilipita miezi. Siku moja tajiri alikuja karakana, kidani amekivaa mwenyewe ndani ya shati.

"Mkufu unakatika ovyo," alisema. "Kimekuwa kizito."

Sonara alivaa miwani. Juu ya fahali walikuwepo wawili. Wa mbele alishika pembe, na wa nyuma alimkumbatia kiuno, viatu vyake vya harusi vikining'inia mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

Sonara alimgeukia tajiri. "Kwani nyumbani hayupo?"

"Alisema anatoka kidogo, akaingia humo. Sikugombana naye. Bora humo, najua aliko."

Sonara alikagua ukingo wote kwa ukucha, taratibu, akitafuta upenyo. Hapakuwa na upenyo. Alikuwa ameukunja vizuri mno. Na hata angeing'oa sarafu, mpwa wake angeshukia wapi? Pande zote ni bahari. Moyo ulimuuma.

Tajiri alivuta kiti, akakaa kungoja.

Basi sonara akachukua waya mnene wa dhahabu, akausokota pete mbili mbili, na kila kiungo akakifunga kwa moto huku akilia. Mkufu huo haujakatika mpaka leo.