Shavu Nililomwekea Tumu

Watu wa Magongo walisema mimi nanywa. Si chai, pombe! Mimi Zubeda binti Abdillahi, ambaye marehemu babangu aliwasomesha Kurani watoto wa mtaa huu wote, ati nilikuwa naingia kwa Kadzo mlango wa nyuma kunywa mnazi, ndiyo maana pua na mashavu yangu yamewiva kama nyanya. Kadzo alipoyasikia alicheka mpaka akakaa chini. "Mie ninayeuza sina pua nyekundu, wewe usiyeonja unayo! Haya ni maajabu." Lakini nani atakayechukua ushahidi wa muuza mnazi?

Aliyeyazua maneno hayo namjua, na jina lake nalitaja wazi. Ni Tumu. Tumu alikuwa somo yangu, mwanamke aliyenifunda na kunisinga nilipoolewa na Stambuli mwaka wa themanini na tisa. Biharusi kwetu hafiki ukumbini hivihivi. Hufungiwa ndani, akasingwa kwa liwa, msandali uliosagwa, mwili mzima mpaka ngozi ilainike na inukie. Maharusi wa Tumu walikuwa wakitoka weupe, wanang'aa, na sisi wajinga tukidhani mkono wake una baraka.

Harusi ikaisha, lakini Tumu hakuniacha. "Mumeo asikuone umefifia, mwanangu," akaniambia, na kila nikimaliza kopo la liwa yake huniletea jingine. Basi akasafiri kwenda Lamu kuuguza, kopo likaisha, nami nikakaa bila. Wallahi uso uliniwaka! Ukawa mwekundu, ukatoka vipele, na mishipa myembamba ikanitambaa puani na mashavuni kama nyuzi za cherehani. Aliporudi nilimwendea nikilia. Alinitazama mara moja tu, akasema ana wageni, akafunga mlango.

Wiki ile ile nikasikia kuwa mimi mlevi. Mwizi akiona atashikwa, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. Kama ingejulikana kwamba ni dawa yake, mama gani angempelekea bintiye?

Mavyaa wangu, mamake Stambuli, aliyameza maneno hayo bila kutafuna. Akawa ananinusa mdomo. Nikiamka, nikirudi dukani, nikitoka msalani, yuko mlangoni na pua yake: "Hebu fungua nikuone." Nilikuwa nikifungua, kwa adabu. Stambuli, ambaye mchana kutwa yuko Kipevu akiendesha mitambo ya makontena, hakuniuliza hata neno. Alinirudisha kwetu na sanduku langu la nguo. "Kae kwenu mpaka ujirekebishe." Nikamwambia mama yangu, Bi Mwanatatu, kwamba Tumu nitamlipa. Mama akasema, "Mlipe, lakini usimlipe kijinga."

Nikavuka kwenda kisiwani kwa daktari wa ngozi. Aliniuliza nimepaka nini, nikampa kopo la mwisho la Tumu, lililokuwa na mabaki. Akalipeleka kupimwa. Niliporudi akanirudishia kopo, akaniambia kwamba ndani ya liwa ile mlichanganywa dawa kali ya tyubu, ambayo mtu hupewa apake siku chache tu akiwa na ukurutu. Nimeipaka miaka. Ngozi imekuwa nyembamba, mishipa imefumuka. Wekundu na vipele angevituliza kwa dawa, lakini ile mishipa ingehitaji mashine ya mwanga. "Na ngozi yako ni ya maji ya kunde," akasema, "mwanga waweza kuunguza. Tutajaribu kidogo kwanza, karibu na sikio."

Bangili zangu za harusi nikaziuza, na sikuzisikitikia.

Pale nilipojaribiwa palipona vizuri, basi nilipokwenda tena akaanza shavu la kushoto na nusu ya pua. Nilifunikwa macho kwa vikombe vya chuma. Kila mwanga ukipiga ulikuwa kama tone la mafuta linaloruka karaini ukikaanga viazi. Nililia, nikamlaani Tumu kwa kila tone. Nilitoka na madoa meusi ya kuvilia damu. Baadaye yalifutika, na shavu likabaki safi, kama lile nililozaliwa nalo.

"Sasa la kulia," daktari akasema.

"Bado."

"Bado? Unamwekea nani?"

"Nina harusi ya kuhudhuria," nikamwambia.

Tumu alikuwa anamwoza Kulthum, mwanawe wa pekee. Siku ya singo nilivaa buibui langu, nikaenda bila kualikwa. Mama hamsingi mwanawe, hiyo ndiyo mila, na mwanamke akija na liwa yake ampake biharusi, hakatazwi. Kumkataza ni kumwita mchawi mbele za watu.

Chumba kilijaa. Mavyaa wangu naye alikuwapo, amekaa mbele na kahawa yake. Nikaufunua uso wote.

"Shavu hili limetibiwa na daktari," nikasema. "Hili bado, nimelileta mlione. Haya niambieni, nani aliyewahi kulewa shavu moja?"

Kuna walioguna, kuna waliocheka. Tumu akabinua midomo. "Harusi si mahali pa kesi."

"Sikuja na kesi, somo. Nimekuja na zawadi." Nikatoa kopo lake chini ya buibui. Alilijua kabla sijalifungua, lina ua jekundu kifunikoni. "Ni ile liwa uliyonisinga nayo mimi. Nimeiweka. Nani asiyejua sifa zake? Leta uso, Kulthum."

Yule mtoto masikini akainua uso. Nikatia vidole ndani ya kopo, nikavipeleka shavuni mwake taratibu, nikimtazama mamake.

"Usimguse!" Tumu aliruka. "Usimpake hiyo, itamharibu uso!"

Tumu akajiziba mdomo kwa mkono, lakini neno likishatoka halirudi.

"Itamharibu?" nikamuuliza. "Na mimi ulinipaka ya nini?"

Nikalipitisha kopo kwa wanawake, wanuse, waguse. "Kopo ni la Tumu, liwa ni yangu. Nimeisaga jana na mama yangu. Haina dawa, haina chochote. Ila yeye hakulijua hilo." Kisha nikamsinga Kulthum mpaka nikamaliza, uso, shingo na mikono, maana yeye hakunikosea. Mamake alisimama ukutani akitazama. Wanawake wawili waliokuwa wamemwekea ahadi ya mabinti zao waliondoka bila kumuaga.

Nilipokuwa nanawa mikono, mavyaa wangu akanijia, macho chini. "Mwanangu, yamekwisha hayo. Chukua sanduku lako urudi nyumbani. Stambuli yuwakungoja."

Nilimsogelea mbele ya wanawake wote, nikainama hadi nikalingana naye, nikafungua mdomo wazi.

"Nusa kwanza, mama," nikamwambia.

Akanitazama, akawatazama wenzake, akakosa pa kwenda. Akanusa.