Upande Mdogo wa Ini

Kwa miaka thelathini na moja aliuza nyama mahali pamoja, kwenye duka la vigae vyeupe lenye ndoano nne na gogo la kukatia lililobonyea katikati kama godoro kuukuu. Wateja walimwita Bucha. Mkewe naye alimwita hivyo akiwa na hasira. Siku za amani alimwita Baba Pacha, na yeye akamwita Mama Pacha, kwa kuwa walizaa mara moja tu, wakapata wawili, wakaona yatosha. Pacha wenyewe walishakuwa watu wazima wa mbali, wa kupiga simu Jumapili.

Mteja akimbembeleza amwongezee kipande, Bucha alimjibu, "Nyama ya ulimi unayo mwenyewe, mimi nauza ya paja." Alikuwa mtu wa maneno. Ndiyo maana siku aliyoambiwa ana saratani ya ini akanyamaza, mkewe aliuogopa ule ukimya kuliko ugonjwa.

Daktari mpasuaji alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Alivuta karatasi akachora ini.

"Uvimbe uko huku kulia," alisema. "Nikiuondoa upande wote wa kulia, unabaki na huu wa kushoto, ambao kwako ni asilimia ishirini na mbili ya ini zima. Mtu haishi na ini dogo hivyo. Na lako lina mafuta na makovu. Nahitaji angalau thelathini na tano."

Bucha aliitazama picha, akaichukua kalamu mkononi mwa daktari. "Ini halikai hivi. Hapa pana ncha, na hapa linapinda."

"Hilo la mbuzi, mzee."

Mama Pacha alicheka peke yake, kicheko kikageuka machozi. "Kwa hiyo ndiyo basi, daktari?"

"Siyo basi. Ini upande mmoja ukinyimwa damu, upande wa pili huongezeka. Kuna mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumboni, ukifika kwenye ini unagawanyika. Tutaziba tawi la kulia, damu yote igeukie kushoto. Kushoto kukishiba, kutakua. Baada ya wiki nne tunapima. Likitosha, nampasua."

"Na huo uvimbe? Utakaa tu wiki nne unatungojea?"

"Hilo linaninyima raha hata mimi, mama. Unaweza kukua pia." Akamgeukia Bucha. "Pombe, mzee?"

"Niliacha."

"Lini?"

"Zamani."

Mama Pacha akatikisa kichwa kukubali. Miaka mitatu iliyopita mumewe aliapa mbele yake, na tangu hapo hakuwahi kunusa pombe kinywani mwake.

Siku ya kuziba mshipa, Bucha alilazwa kwenye meza nyembamba, macho wazi. Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa daktari wa mishipa, mwanamume mwembamba aliyekuwa akiimba kwa pua huku akifanya kazi. Walimtia ganzi ubavuni, kisha sindano ndefu ikapita katikati ya mbavu, na kwenye skrini mishipa yake ikajitokeza myeusi kama mizizi ya mti uliong'olewa. Walimimina gundi ya dawa na vizibo vya waya vidogo kuliko punje ya mchele. Tawi moja likafifia, halafu jingine, mpaka upande wote wa kulia ukatoweka kwenye skrini. Bucha alihisi joto, kisha maumivu yakampanda hadi begani.

"Bega tena?" aliuliza. "Si mko tumboni?"

"Mwili una njia zake za kulalamika," daktari alisema, akaendelea kuimba.

Alikaa na homa siku tatu, kila alichokula kikirudi. Siku ya kumi alirudi dukani. Alikatazwa kunyanyua mizigo, kwa hiyo aliyekuwa akimletea nyama aliitundika mwenyewe. Jambo moja lilimshinda: kukata maini. Mteja akiyataka, Bucha alisema yamekwisha, na huku yamejaa kwenye friji.

Nyumbani Mama Pacha aliweka kalenda ukutani. Alimpikia vyakula vyepesi, akamwekea maji karibu, akampangia vidonge vyake. Wiki nne zilipotimia walirudi kwa mpasuaji wakiwa wamevaa kama watu waendao harusini.

"Ishirini na saba," daktari alisema.

Mama Pacha alihesabu kwa vidole: bado nane.

"Limekua, lakini kwa kujivuta. Iko njia ya pili. Tunaziba pia mshipa unaotoa damu upande wa kulia. Kushoto kutasukumwa zaidi."

"Mmeziba mlango," Bucha alisema, "sasa mnataka na dirisha."

"Ndiyo. Lakini kuna kitu sikielewi. Vipimo vya damu vinaonyesha ini linalobebeshwa mzigo kila siku. Mzee, kweli hunywi?"

"Si nilishakwambia?"

Kesho yake, saa nne asubuhi, Mama Pacha alikwenda dukani kusafisha chumba cha baridi, maana mumewe hakutakiwa kuinama. Aliposogeza beseni la mifupa aliiona chupa, imebaki robo. Akaitoa, akaiweka juu ya gogo, katikati ya kisu na shoka. Bucha alikuwa akimhudumia mwalimu mmoja mstaafu. Mwalimu aliitazama chupa, akamtazama mama, akachukua mfuko wake bila kungoja nyama isagwe.

"Tangu lini?" Mama Pacha aliuliza.

"Kidogo tu. Ya kutuliza mikono."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Sikuwahi kuacha." Alijifuta viganja kwenye aproni, akajifuta tena. "Nilipunguza. Halafu walipozungumza habari za kunipasua, ikazidi. Nikishika kisu naona ni mimi niliye juu ya gogo. Wewe hujui, Mama Pacha. Mimi najua nyama inavyofunguka."

Alidhani mkewe atapiga kelele. Mama Pacha alikaa kwenye kreti tupu.

"Umenikata maini," alisema.

Neno lile, mahali pale, lilitaka kumchekesha Bucha. Mdomo ulimcheza. Alipouona uso wa mkewe, akaumeza.

"Kila asubuhi naamka naliombea hilo ini likue," Mama Pacha aliendelea kwa sauti ya chini. "Naliombea kama mtoto. Na wewe unakuja hapa kulinywesha sumu. Kesho utamwambia daktari. Kwa mdomo wako. Mimi sikusemei."

"Akikataa kunipasua?"

"Mficha maradhi kilio humuumbua. Chagua."

Akasimama, akaimwaga pombe kwenye mfereji wa sakafu, akaenda zake.

Mpasuaji alimsikiliza Bucha mpaka mwisho. Alipomaliza, daktari aliikunja na kuikunjua ile kamba ya miwani.

"Nimekasirika," alisema hatimaye. "Wiki nne hazirudi. Lakini bora umesema, maana ungeacha ghafla kimya kimya, mwili uliozoea pombe ungekuangusha. Unalazwa leo."

Siku sita za kwanza Bucha alitoka jasho mpaka magodoro yakabadilishwa, akatetemeka, akawatukana wauguzi, akawaomba radhi. Mwili ulipotulia, daktari mwembamba akamziba mshipa wa pili, safari hii akipitia shingoni. Hakuimba. Pengine alikuwa ameambiwa habari za chupa.

Wiki tatu za kungoja nyumbani zilikuwa ngumu kuliko zile za kwanza. Kati ya mume na mke nyongo ilikuwa imetumbukia. Mama Pacha alimpa dawa, akampa chakula, akamwambia "oga" na "lala", basi. Asubuhi alichukua ufunguo wa duka akaenda kuuza nyama mwenyewe, kazi aliyokuwa hajawahi kuifanya. Bucha alibaki kitandani akijipapasa chini ya mbavu kama mtu anayetafuta sarafu kwenye kitambaa cha koti, asijue anachogusa ni kile kinachokua kwa ajili yake au kile kinachokua dhidi yake.

Kipimo kilisema thelathini na nne. Kikasema pia kwamba uvimbe ulikuwa umeongezeka nusu sentimita.

"Ulisema thelathini na tano," Mama Pacha alimkumbusha daktari.

"Nilisema. Lakini limekua upesi, na ini linalokua upesi lina nguvu. Nikingoja tena, uvimbe utanitangulia." Akawatazama wote wawili. "Siwezi kuwaahidi kitu. Nyie mnasemaje?"

Bucha alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya chupa, mkewe akamtazama pia.

"Apasuliwe," alisema Mama Pacha.

Upasuaji ulichukua saa saba. Upande wa kulia ulitoka wote, uvimbe ndani yake. Kisha yakafuata yale waliyokuwa wakiyaogopa: siku ya tatu macho ya Bucha yakawa manjano, siku ya tano akawa anaongea na watu wasiokuwepo, tumbo likajaa maji. Mpasuaji alipita mara tatu kwa siku na hakuwa na la kusema ila, "Linajitahidi." Pacha wote wawili walisafiri, wakakaa kwenye korido na mabegi yao.

Siku ya kumi na moja, wakati wa kuona wagonjwa, Bucha alifungua macho. Manjano yalikuwa yamepungua. Mama Pacha alikuwa kando yake na bakuli la uji, kidole gumba chake kimefungwa bandeji nene.

"Nini hicho?" Sauti yake ilikuwa kama karatasi.

"Kisu chako."

"Unakishika vibaya." Alinyoosha mkono kwa shida, akachukua kijiko, akaonyesha. "Kidole cha shahada juu ya mgongo wa kisu. Gumba ndani. Usisukume, acha uzito ufanye kazi."

Kijiko kilimponyoka, kikaanguka kwenye shuka. Mama Pacha alikiokota, akakishika kama alivyoonyeshwa.

"Hivi?"

"Hivyo."

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

Akachota uji, akaupuliza, akamwekea mdomoni.