Wino Wenye Kiu

Mstari wa mgandamizo wa hewa, uliochorwa kwa kalamu ya barografu, mashine kongwe ya kituo, haukuwahi kukatika, mpaka chupa ya mwisho ya wino wa ng'ambo ilipoisha. Mpimaji wa hali ya hewa, ambaye kituoni wote walimwita Mama Mvua, alijaribu wino wa kalamu za shule. Ukachora kwa muda wa saa mbili, kisha ukakauka kwenye ncha ya kalamu.

"Wino wa ng'ambo bei yake haishikiki," alisema mkuu wa kituo, akigonga kisanduku cha kioo cha mashine. "Nakupa wiki moja. Jumatatu karatasi ikiwa na pengo, mzee huyu anakwenda stoo. Tunayo mashine ya umeme."

"Ya umeme huzimika na umeme," alijibu Mama Mvua.

Jioni, jikoni nyumbani, alimkuta mdogo wake, mwoka keki, akidondoshea kitu kizito kama asali kwenye sukari ya kupambia.

"Nini hicho?"

"Glisirini. Bila hiyo sukari inakuwa jiwe, bibi harusi anavunja jino."

"Kumbe inazuia kukauka?"

"Dada, keki zangu unazila miaka yote, leo ndiyo unauliza?"

"Nilikuwa nakula, sikuwa nasoma. Nipe na rangi ya bluu."

Jumanne, kwenye karatasi mpya, kalamu ilichora vizuri kwa mchanganyiko wa glisirini, rangi na maji. Jumatano pia. Alhamisi asubuhi mstari ulikuwa umenenepa kama mnyoo, na kalamu aliyoijaza nusu ilikuwa imejaa pomoni. Nani kaongeza? Kisanduku cha kioo kilikuwa kimefungwa, ufunguo alikuwa nao mwenyewe.

Akaweka tone la glisirini kwenye kisahani dirishani, akalizungushia alama ya penseli. Kufika mchana tone lilikuwa limevuka alama. Akampigia mdogo wake.

"Hii glisirini yako inakunywa maji ya hewani!"

"Basi maji yamezidi unga, dada. Punguza."

Akapunguza glisirini. Alasiri mvua ikanyesha.

Jumatatu mkuu aliinama juu ya karatasi. "Hapa Alhamisi pamechafuka."

"Hapo hewa ilishalowa. Wino ulijua mvua inakuja kabla yangu."

"Na pengo?"

"Litafute."

Mkuu alipitisha kidole juu ya mstari, polepole, tangu mwanzo mpaka kwenye ncha ya kalamu. Kidole kikatoka bluu.

"Mbona haujakauka?"

"Ndiyo kazi yake."

Akakiangalia kidole, akakinusa, akacheka. "Kinanukia keki." Kisha akafunga kioo mwenyewe, taratibu. "Mzee asipate vumbi."